Siku Waziri wa Kubana Alipobanwa

Jamhuri ya Pakacha ni nchi tajiri sana, ukiacha wananchi wake. Ina dhahabu, ina mito mitatu, ina mawaziri hamsini na wawili, na ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na nne ambao kila raia anajua ubeti wa kwanza. Mimi nimeishi huko miaka mingi na sikuona baya lolote, kwa hiyo anayetafuta maneno ya uchochezi afunge ukurasa huu mapema. Nitaeleza tu yaliyompata Mzee Ngwali Makame, mwendesha lifti, na Mheshimiwa Daktari Lugome Pazi, waziri, Alhamisi moja ya mwezi wa sita. Msomaji atajionea mwenyewe jinsi serikali ile ilivyokuwa na huruma.

Mwaka ule fedha za serikali zilipungua. Hakuna aliyejua zilikokwenda, ingawa viongozi kadhaa walionekana wakijenga maghorofa kwa majonzi makubwa. Mtukufu Rais alilihutubia taifa akiwa amevaa suti yenye viraka, aliyoshonewa maalumu kwa hotuba ile na fundi aliyeletwa kwa ndege.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumekula pamoja. Sasa tufunge pamoja."

Watu walitazamana wakijaribu kukumbuka ni lini walikula.

Usiku wa manane haujafika, Rais akawa ameshaunda Wizara ya Kubana Matumizi. Na kwa kuwa mtu habani kwa mikono mitupu, wizara ikapewa manaibu waziri wanne, washauri elekezi kumi na tisa, na jengo la ghorofa kumi na nne mjini Mvujoni. Jengo hilo lilikuwa la Wizara ya Kilimo. Kilimo kikahamishiwa kwenye ghala la mbolea, kwa hoja kwamba mazao hayapandi ngazi.

Pamoja na jengo, wizara mpya ilirithi wafanyakazi wake wa chini: wafagiaji, matarishi, makarani wa masijala, walinzi, wapika chai, na Mzee Ngwali.

Ngwali alikuwa ameendesha lifti ya jengo lile kwa miaka thelathini na mmoja. Ilikuwa lifti ya kizamani, yenye mlango wa vyuma vya kukunjana na tabia kama za punda wa kukodi. Ngwali peke yake ndiye aliyejua kwamba ukishuka hutakiwi kugusa kitufe cha tano, na kwamba ikinguruma unatakiwa kuiachia kidogo, kisha uendelee kana kwamba hukusikia. Alisimama humo kutwa nzima, uso kwenye vitufe, mgongo kwa wakubwa. Nyumbani, mtaa wa Kwa Jongo, mkewe Bi Mize alikuwa mkunga wa zahanati. Wao wawili walikuwa, kwa hesabu za serikali, matumizi.

*

Mheshimiwa Lugome alikuwa mchapakazi. Miezi minane haikupita akatangaza Awamu ya Kwanza: wafanyakazi mia tatu na kumi na wawili wa jengo lake mwenyewe waachishwe kazi, ili wizara iwe mfano. Waandishi wa habari walimuuliza kwa nini hakupunguza manaibu au washauri.

"Ngazi hufagiliwa kuanzia juu kushuka chini," akajibu, "lakini nyumba hubomolewa kuanzia..." Hapo akasita, kwa sababu nyumba nayo hubomolewa kuanzia juu. "Swali linalofuata," akasema.

Wale mia tatu na kumi na wawili walipewa barua siku ya Ijumaa. Lakini Pakacha ni nchi ya utaratibu, na mtu haachi kazi hivihivi kama anayetoka msalani. Ni lazima kwanza ajaze Fomu ya Kuachishwa, yenye sahihi kumi na nne: ya karani wa masijala kuthibitisha jalada lake limefungwa, ya mlinzi kuthibitisha hakuondoka na kiti, ya mpika chai kuthibitisha amerudisha kikombe, na kadhalika. Ugumu ukawa kwamba karani, mlinzi na mpika chai nao walikuwa wameachishwa, na aliyeachishwa haruhusiwi kusaini chochote mpaka fomu yake mwenyewe ikamilike.

Basi kwa wiki tatu watu wale walifika kila asubuhi saa moja na nusu, wakakaa uani wakingoja kuachishwa, na kuondoka saa tisa na nusu. Wengine walikiri kwamba hawajawahi kuwahi kazini namna ile walipokuwa wameajiriwa.

Kwenye lifti paliandikwa tangazo: KILA MTU ABONYEZE MWENYEWE. HUO NDIO UZALENDO.

*

Alhamisi hiyo ilikuwa siku ya bajeti. Mheshimiwa Lugome alikuwa anakwenda Bungeni kusoma Awamu ya Pili, na Awamu ya Pili haikuwa mchezo: watumishi elfu arobaini waondoke, na zahanati tisini zifungwe, ya Kwa Jongo ikiwa ya kumi na saba kwenye orodha. Katiba ya Pakacha inasema kwamba bajeti isiposomwa kabla ya saa kumi na mbili jioni ya siku hiyo, ile ya mwaka uliopita huendelea mwaka mzima. Kifungu hicho hakikuwahi kutumika. Kiliwekwa na waanzilishi wa taifa ambao, inaonekana, waliwafahamu vizuri watakaowarithi.

Saa nane mchana waziri alitoka ofisini kwake ghorofa ya kumi na nne akiwa amekumbatia hotuba ya kurasa mia mbili na themanini. Aliingia kwenye lifti peke yake, kwa sababu itifaki hairuhusu mtu kupumua hewa moja na waziri akiwa na bajeti. Akafunga vyuma. Akatafuta kitufe cha chini, na kwa kuwa hakuwa amewahi kukibonyeza maishani, maana wiki zile tatu alibonyezewa na mlinzi wake, akabonyeza cha tano.

Lifti iliteremka kwa heshima hadi ghorofa ya sita, ikanguruma, ikatikisika, ikasimama kati ya ghorofa ile na ya tano. Taa ikazimika.

Kwanza waziri alitoa amri. "Shuka!" aliiambia lifti. Kisha akabonyeza vitufe vyote kwa pamoja. Kisha akapiga kelele, na hiyo ndiyo ikasikika.

Katibu Mkuu wa wizara, Bwana Rehani, alifika mbio ghorofa ya sita na kupiga magoti sakafuni, maana palikuwa na upenyo wa kiasi cha kiganja kati ya sakafu na paa la kile kisanduku. Alikuwa mtu mwembamba, msafi, aliyejua nyaraka zote za serikali kwa namba.

"Mheshimiwa, uko humo?"

"Unadhani niko wapi, Rehani? Nitoe!"

"Tumeshaunda kamati, mheshimiwa."

Na kweli, washauri elekezi walikuwa wamekaa ghorofa ya tisa wakijadili dhana ya kukwama. Baada ya dakika arobaini walileta mapendekezo matatu, la kwanza likiwa waziri apunguze uzito.

Ni Bi Tatu, mfagiaji wa miaka mingi, aliyekuwa uani akingoja kuachishwa, ndiye aliyesema lililokuwa wazi. Alisimama chini ya dirisha la ghorofa ya sita akaita kwa sauti iliyozoea kuvuka korido:

"Nyie huko juu! Si mumuite Ngwali? Yuko hapa anacheza bao!"

*

Ngwali alipanda ngazi hadi ghorofa ya sita, akapumzika, akaweka sikio kwenye vyuma kama daktari.

"Amebonyeza tano," alisema. "Kazi yake ni ndogo. Juu ya paa kuna chumba cha mashine, kuna mkono wa chuma wa kuzungusha gurudumu. Robo saa tu, nampandisha mpaka hapa, anatoka."

Alikuwa ameshageuka kuzielekea ngazi, Bwana Rehani akamzuia kifuani.

"Mzee, samahani. Wewe ni nani kiserikali?"

"Mimi si Ngwali? Bwana Rehani, jana tu umenisalimia."

"Nimekusalimia kibinadamu. Kiserikali wewe ni mpita njia, na Waraka Namba Saba unakataza mpita njia kugusa mali ya umma. Ukigusa lile gurudumu ni kosa la jinai, mimi ni shahidi, na fomu yako ya kuachishwa itachelewa zaidi."

"Basi niajirini tena."

"Kibali cha ajira husainiwa na waziri."

Wote wawili wakatazama ule upenyo.

"Nasikia!" waziri alifoka kutoka gizani. "Leta karatasi nisaini!"

Karatasi ikaandikwa, ikakunjwa, ikapitishwa kwenye upenyo pamoja na kalamu. Waziri akasaini kwa kupapasa. Karatasi ikarudi. Bwana Rehani akaitazama kwa huzuni.

"Haina namba ya masijala, mheshimiwa. Barua isiyo na namba ni kama mtoto asiye na jina."

Msimamizi wa masijala alikuwa Bi Chausiku, mwanamke mnene mpole aliyetunza mhuri na daftari la namba kwa miaka ishirini na mbili. Aliitwa kutoka uani. Akapanda ngazi pole pole, akisimama kila ghorofa kusalimia. Alipofika, akaeleza kwa adabu kwamba angependa sana kutoa namba, ila naye ni mpita njia. Ili atoe namba lazima aajiriwe, na ili aajiriwe kibali chake kinahitaji namba, ambayo anaitoa yeye.

Hata lifti ilionekana kufikiri.

"Saa ngapi?" sauti ya waziri ikauliza.

"Tisa na dakika ishirini, mheshimiwa. Bunge limeshaanza."

Ikatoka sauti ndani ambayo sitaiandika, kwa kuwa kitabu hiki kinaweza kusomwa na watoto.

*

Bwana Rehani alikwenda kutafuta kama kuna waraka unaoruhusu kuvunja waraka. Bi Chausiku akakaa kwenye ngazi kupumzika. Ngwali akabaki peke yake kwenye upenyo, amejilaza sakafuni kwa ubavu, mkono chini ya kichwa.

"Kuna mtu hapo?" waziri aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Nipo, mheshimiwa."

"Usiondoke. Huku giza. Mimi na giza... tangu utotoni, hatupatani."

"Siondoki. Kaa chini, mheshimiwa, egemea ukuta wa kushoto, ndio wenye hewa. Kalia ile hotuba, sakafu ina baridi."

Ilisikika hotuba ikikaliwa.

"Jina lako nani?"

"Ngwali Makame."

"Tumewahi kuonana?"

"Nimekupandisha na kukushusha miezi minane, mheshimiwa. Mara nne kwa siku."

"Aaa! Wewe ni yule mwenye kovu kisogoni!"

"Ndiye mimi."

"Kisogo chako nakijua vizuri sana," waziri alisema, na nadhani alikusudia wema.

Mlinzi mmoja alipandisha redio ndogo, akaiweka pale sakafuni ili waziri afuatilie shughuli za Bunge. Spika, kwa kutokuwa na bajeti ya kusomewa, alikuwa ameruhusu wabunge wajadili kubana matumizi kwa ujumla. Mbunge wa Mjini Kati alikuwa amesimama.

"Mheshimiwa Spika, sisi tumeonyesha njia. Mimi mwenyewe nilizoea kunywa maji ya chupa kubwa. Leo nakunywa chupa ndogo. Ndogo tatu, Mheshimiwa Spika, lakini ndogo! Wananchi nao wakaze mkanda."

Makofi. Akasimama mama mmoja, mbunge wa Ng'ambo ya Mto.

"Mheshimiwa Spika, wananchi wangu wangekaza, ila mkanda wenyewe wamekwisha kuuuza. Naomba mheshimiwa awaazime wake. Naona kwake haufikii hata hivyo."

Kelele, vicheko, meza zikagongwa. Ngwali alicheka akaziba mdomo. Kisha akasikia kutoka gizani sauti ndogo, kama ya mtu anayekohoa. Waziri naye alikuwa anacheka.

"Kweli haufikii," waziri alisema. "Nimekaa naye kwenye chakula." "Mzee Ngwali, wewe unaishi wapi?"

"Kwa Jongo."

"Kwa Jongo, Kwa Jongo... Nimelisoma mahali jina hilo."

"Umelikalia, mheshimiwa. Namba kumi na saba. Zahanati yetu. Mke wangu ni mkunga pale."

Redio iliendelea kupiga kelele yenyewe. Ngwali aliniambia baadaye kwamba hakukusudia kumsuta. Aliulizwa, akajibu.

"Ikifungwa, watakwenda wapi?" waziri aliuliza hatimaye.

"Hospitali ya Mkoa. Kilomita ishirini na sita."

"Kuna usafiri?"

"Upo. Siku za mnada."

"Washauri waliniambia zahanati tisini ni namba inayovutia," waziri alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejisemea. "Walisema themanini na saba haisomeki vizuri. Tulianzia chini ya orodha, unajua. Ukianzia juu, mtu wa kwanza ni mimi." Akajikuna, au akafuta uso, Ngwali hakuona. "Mzee Ngwali, kuna jambo jingine. Nimebanwa."

"Tunajua, mheshimiwa, ndiyo maana tuko..."

"Hapana. *Nimebanwa.*"

Ngwali akaelewa. Akaomba chupa tupu kwa mlinzi, akaipitisha kwenye upenyo, akageuza uso akaongeza sauti ya redio. Ilikuwa chupa kubwa, ya zile zilizoachwa na mbunge wa Mjini Kati.

*

Saa kumi na nusu Bwana Rehani alirudi bila waraka. Jasho lilikuwa limemlowesha ukosi kwa mara ya kwanza katika utumishi wake. Hapo Bi Chausiku akainuka kwenye ngazi, akakung'uta gauni.

"Bwana Rehani," alisema, "mwanangu, nimefikiri. Namba ya mwisho niliyotoa kabla sijaachishwa ilikuwa ya ile barua iliyotuachisha. Barua moja, namba moja, majina mia tatu na kumi na mawili. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Barua ikifutwa, haihitaji namba mpya. Inaandikwa juu yake 'Imefutwa', mheshimiwa anasaini palepale, na namba ni ileile. Kanuni za masijala, ukurasa wa tisa. Lakini hufuti jina mojamoja. Barua hufutwa nzima."

Bwana Rehani alikuwa mtu wa sheria. Alipekua kichwani ukurasa wa tisa, na uso wake ukang'aa, kisha ukafifia alipoelewa maana yake. Akapiga magoti akaueleza upenyo.

"Wote?" waziri alipiga kelele. "Hiyo ni Awamu ya Kwanza yote! Rais alinipongeza kwa ile awamu! Nilipewa medali!"

"Medali haina masharti ya kurudishwa, mheshimiwa. Nimeangalia."

Kwenye redio Spika alikuwa anawakumbusha wabunge kwamba zimebaki saa moja na dakika ishirini. Waziri alitukana, akaomba maji, akakumbuka chupa, akaghairi maji.

"Leta hiyo barua," alisema.

Habari iliteremka ghorofa sita kwa kasi kuliko lifti yoyote. Uani palilipuka. Watu walikumbatiana, wapika chai walipiga vigelegele, mlinzi wa getini alivaa kofia yake akawafukuza nje watu wawili wasiohusika, kwa furaha tu ya kuwa na mamlaka. Bi Tatu aliiweka fomu yake ya kuachishwa chini, akaikanyaga mara tatu, kisha akaichukua akaiweka kwenye taka, kwa sababu hapendi uchafu.

*

Ufunguo wa chumba cha mashine ulikuwa kiunoni kwa Bi Tatu. Alipanda nao mpaka juu ya paa, Ngwali nyuma yake, na nyuma ya Ngwali wafanyakazi kama thelathini, wa serikali halali sasa. Saa ilikuwa kumi na moja na dakika kumi na tano.

Mlangoni Bi Tatu akageuka. Hakutoa ufunguo.

"Ngwali, kaka yangu. Sisi tumeshapata. Lakini akitoka sasa hivi, anakwenda kusoma ile nyingine. Elfu arobaini. Na zahanati ya wifi yangu Mize imo."

"Najua."

"Ufunguo huu ni mzee. Unaweza kukwama. Unaweza kukwama mpaka saa kumi na mbili na dakika moja, na hakuna atakayeulaumu."

Wengine waliitikia kwa kichwa. Mtu mmoja akasema, "Hatumuui. Anakaa tu kidogo." Mwingine akasema, "Sisi tulikaa wiki tatu."

Ngwali aliketi kwenye ukingo wa paa. Mji wote ulionekana kutoka pale: mabati ya Kwa Jongo upande wa machweo, na karibu kabisa, ng'ambo ya barabara, jengo jeupe la Bunge. Aliniambia kwamba wakati ule alitamani sana kuwa mtu mbaya, hata kwa dakika arobaini na tano tu. Alimfikiria Mize. Aliwafikiria wanawake wa kilomita ishirini na sita. Halafu akamfikiria mtu mzima aliyekaa gizani juu ya karatasi, ambaye alimwambia asiondoke, naye akajibu siondoki.

"Hapana," alisema. "Kwenye lifti yangu mtu akikwama hutolewa. Akishatoka tutagombana naye barabarani, Bungeni, popote. Lakini si humu. Nipe ufunguo, Tatu."

Bi Tatu aliutoa kiunoni. "Ndiyo maana hukupanda cheo miaka thelathini na mmoja," alisema, akampa.

Gurudumu lilikuwa zito. Walizungusha watu wawili wawili, wakipokezana, wakiimba wimbo wa taifa ili kwenda pamoja. Waliimba ubeti wa kwanza mara ishirini na sita. Saa kumi na moja na dakika thelathini na tano, waziri alitokeza ghorofa ya sita, nywele zimesimama, shati nje, hotuba kifuani na chupa mkononi. Alimkabidhi Bwana Rehani chupa. Bwana Rehani, kwa mazoea, akaipokea kwa mikono miwili.

Waziri alishuka ngazi mbio. Uani watu walimpisha. Hakuna aliyemzomea. Walijua amewahi.

*

Hapa sina budi kusifu ulinzi wa Pakacha. Bunge liko hatua mia nne kutoka wizarani, lakini waziri hatembei. Wizara ya Kubana Matumizi ilikuwa na msafara wa magari ishirini na saba: pikipiki za mbele, gari la itifaki, la manaibu mmoja mmoja, la washauri, la kiti cha waziri, gari la wagonjwa, gari la akiba, gari la akiba ya gari la akiba, na gari lililobeba taarifa ya namna ya kupunguza magari. La waziri lilikuwa la ishirini.

Ving'ora vikalia, msafara ukaondoka kwa fahari. Gari la kwanza likafika ngazi za Bunge mara moja, likasimama, kwa sababu haliruhusiwi kuondoka pale mpaka waziri ateremke. La pili likasimama nyuma yake. La tatu likasimama nyuma ya la pili. Uwanja wa Bunge ulikuwa umejaa magari ya wabunge, hapakuwa pa kupinda. Gari la kumi na tisa lilipofika katikati ya barabara, barabara ikawa imekwisha. Gari la waziri lilikuwa limetoa pua yake getini kwa wizara. Na nyuma yake, yale saba ya mwisho, yakipiga honi, yalikuwa yamemziba asirudi.

Saa kumi na moja na dakika arobaini na nane.

Ngwali alitoka getini kwa miguu, anakwenda zake nyumbani. Akamwona waziri ndani ya kioo, amekumbatia hotuba, anatazama mlango wa Bunge ambao ulikuwa wazi na unaonekana vizuri kabisa. Akagonga kioo. Kioo kikashuka.

"Mheshimiwa," Ngwali alisema, "shuka twende kwa miguu. Dakika tano unafika."

"Waziri hatembei," alisema mlinzi wa kiti cha mbele. "Waraka Namba Arobaini."

"Waraka unaweza kufutwa na waziri," Bwana Rehani alisema kutoka kiti cha nyuma, kisha akajutia.

Waziri aliweka mkono kwenye kitasa. Kando ya barabara wafanyakazi wake mia tatu na kumi na mmoja walikuwa wamesimama, Bi Chausiku amekumbatia mhuri wake, Bi Tatu mikono kiunoni. Hakuna aliyesogea. Kwenye redio ya dereva, mbunge wa Mjini Kati alikuwa anapendekeza mishumaa mashuleni ikatwe vipande vidogo.

Waziri alimtazama Ngwali, safari hii usoni. Akauondoa mkono kwenye kitasa.

"Mzee Ngwali," alisema, "utaratibu ni utaratibu."

Akaegemea kiti. Kioo kilipokuwa kinapanda, Ngwali alimwona akiinama na kuvua viatu.

Wapo wanaosema Mheshimiwa Lugome aliogopa itifaki. Wapo wanaosema alichoka. Mimi si mtu wa siasa, naripoti tu kwamba saa ya mnara wa Bunge iligonga akiwa amefumba macho, na kwamba kutoka getini hadi sokoni, ving'ora vya magari ishirini na saba havikusikika kwa vigelegele. Siku ya pili Mtukufu Rais alilitangazia taifa kwamba serikali imefanikiwa kubana hata kule kubana kwenyewe, na akamwongezea waziri medali.

Ngwali alifika Kwa Jongo kiza kimeingia, akakuta nyumba imefungwa. Akakaa kizingitini. Bi Mize alitokea baada ya muda, viatu mkononi, kanga ina maji ya sabuni.

"Nimechelewa, mume wangu, nisamehe. Leo tumezalisha watatu, mmoja katokea miguu kwanza. Sijasikia redio wala habari yoyote." Akaketi kando yake, akanyoosha miguu. "Na wewe mbona umejaa grisi hivyo? Ulikuwa wapi kutwa?"

"Kazini," Ngwali akasema.